Kusafisha ufukwe wa Svalbard: nafasi ya meli ni ndogo, jua cha kubeba kwanza

Kuna mdogo wangu mmoja yuko Tromsø, kaskazini mwa Norway, anasoma, kaniuliza kuhusu Svalbard, visiwa vya Norway vilivyo kaskazini zaidi huko Aktiki, nafupisha: "Kaka shikamoo. Nimepata nafasi ya kwenda Svalbard mwezi wa nane, wiki moja kwenye meli, tunaenda kusafisha ufukwe ulioko mbali kabisa na mji. Mi nimekulia Kilwa, kusafisha ufukwe tumefanya sana tukiwa shule. Sasa huko kuna tofauti gani, nibebe nini, na je ni kweli alivyosema mwenzangu kwamba ni kazi bure, maana mwaka ujao taka zinarudi zilezile?"

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kupata hiyo nafasi. Nimekaa na swali lako siku mbili maana sikutaka kukujibu juu juu, hii kazi nimeifanya misimu kadhaa sasa, mwanzo nikiwa mbeba magunia kama utakavyokuwa wewe, baadaye nikawa naongoza kikundi ufukweni, na kuna mambo ambayo laiti ningeambiwa kabla ya safari ya kwanza tungetoa mzigo mkubwa zaidi ya ule tuliotoa.

Nianze na tofauti maana mengine yote yanatokea hapo. Kilwa ukijaza kiroba unakiburuta mpaka barabarani, linakuja guta au kirikuu linabeba, kesho mnarudi kumalizia. Svalbard kwenye fukwe hizo barabara hakuna, gati hakuna, boti ya mpira inasogea mpaka kwenye kokoto watu wanashuka na mabuti ndani ya maji, na kila kilo mtakayoitoa lazima ipite mikononi mwa mtu, iingie kwenye ile boti, ivuke mawimbi, ipandishwe melini, meli iipeleke Longyearbyen, na hata Longyearbyen sio mwisho wa safari yake maana ule ni mji wa watu kama 2,500 tu na taka zake zinasafirishwa tena kwa meli mpaka Norway bara. Kwa hiyo mkiwa pale ufukweni, watu kumi na tano wenye nguvu zao, taka mtaziona hazina mwisho, na kinachowabana ni nafasi ya melini na yale masaa machache ya hali ya hewa nzuri. Kazi yako kubwa itakuwa kuchagua. Hilo likikaa kichwani mengine yote yanajipanga.

Halafu kuna maji, hapa mtu wa Kilwa utachanganyikiwa kidogo. Kwetu wakati wa bamvua maji yanapanda na kushuka mita tatu na zaidi, taka mpya unazikuta kwenye mstari wa maji asubuhi pamoja na mwani. Kule maji yanapanda na kushuka mita moja na kitu tu, ukisimama pale mawimbi yanapovunjika utaona kokoto safi kabisa udhani mmeletwa sehemu sio. Panda juu. Dhoruba za kuanzia mwezi wa tisa na kuendelea ndizo zinazorusha mzigo, zinaurusha mbali, wakati mwingine mita nyingi nyuma ya ufukwe kwenye nyasi fupi na matope, na huko ndiko utakuta magogo. Utajiuliza magogo yametoka wapi wakati visiwa vyenyewe havina mti wa kufika hata gotini, ni magogo ya kwenye mito mikubwa ya Siberia, yameshuka na maji mpaka baharini yakabebwa na barafu miaka kadhaa mpaka yakatua hapo. Nyuma na chini ya hayo magogo ndipo plastiki imejificha. Usiyaondoe magogo, inama uangalie chini yake.

Mnachokutana nacho zaidi ni vitu vya uvuvi. Sio mirija wala vikombe vya chai, ni nyavu, kamba, maboya, makreti ya samaki, mikanda ya plastiki ya kufungia maboksi. Mkondo wa maji ya vuguvugu unapanda kutoka Atlantiki, unapita pwani ya Norway, tawi lake moja linakwenda moja kwa moja mpaka upande wa magharibi wa Svalbard, na njiani kote huko ndiko meli za kuvua chewa wa baridi na kamba wadogo zinafanya kazi. Kuna watafiti wa taasisi ya Alfred Wegener ya Ujerumani waliwatumia watalii wa kawaida kuokota na kupima, kati ya 2016 na 2021 wakakusanya vipande zaidi ya 23,000 kwenye fukwe 14, jumla kilo 1,620, na kwenye vichache vilivyokuwa bado na maandishi ya kusomeka, vingi vilikuwa vya Urusi na Norway wenyewe, vingine Ujerumani, na kuna vilivyotoka mpaka Brazil na China.

Sasa kuna kitu nataka uelewe kuhusu hizo nyavu maana kitakusaidia kujua unachokishika. Nailoni inazama. Polithini na polipropilini zinaelea. Ndio maana ufukweni huko utaona zaidi nyavu nene za kijani au za rangi ya machungwa za zile meli kubwa za kukokota, na jarife jembamba la nailoni utaliona mara chache, lenyewe liko chini baharini linaendelea kunasa samaki bila mwenyewe, na Norway inatuma meli kila mwaka kuyaopoa tangu miaka ya mwanzo ya 1980. Kwa hiyo ukiona ufukwe una nyavu za aina moja usidhani ndiyo picha kamili, hiyo ni ile nusu inayoelea.

Halafu utaona vipande vya kamba vya urefu wa kidole, vya buluu, vya kijani, vya machungwa, vimejaa kwenye mwani mkavu kama makapi ya mpunga. Mi mwanzoni nilidhani ni kamba kubwa zilizokatika zenyewe. Sio. Okota kimoja ukiangalie ncha zake karibu na macho: ncha zote mbili zimenyooka, kimekatwa kwa kisu. Wavuvi wenyewe walipoitwa kuangalia taka zilizookotwa walivitambua pale pale, ni vipande vinavyokatwa wakati wavu unashonwa juu ya sitaha, fundi anakata kijipande kinadondoka, kinafagiliwa au maji yanakisukuma baharini, na siku moja ya kushona inatoa mamia. Hata mapande makubwa ya wavu mengi yana kingo zilizokatwa kwa kisu, maana yake lile pande lilichanika likatolewa likawekwa jipya, la zamani likaishia majini. Na kutupa plastiki baharini kutoka melini ni marufuku kimataifa tangu mwisho wa 1988. Hiyo ya kuangalia ncha ifanye kila mara, nitakwambia mbele kwa nini.

Basi tuje kwenye kuchagua. Mimi kundi langu naliambia: kwanza kinachonyonga, halafu kinachosagika, halafu vingine vyote.

Kinachonyonga ni wavu, kamba ndefu na kile kikanda cha plastiki kilichofungwa duara. Svalbard kuna kulungu wa Aktiki, wafupi, wanene, wanashuka ufukweni kula mwani hasa majira ya baridi nyasi zikifunikwa na barafu, na pembe zao zina matawi. Mwaka mmoja upande wa kaskazini tulikuta rundo la wavu wa kijani nyuma ya gogo, nikaanza kulivuta, likawa zito kuliko linavyoonekana, nikadhani limeshikwa na mawe. Tulipofukua tukakuta mafuvu mawili, pembe kwa pembe, yamesukwa na uzi huo huo zaidi ya mara ishirini, inaonekana mmoja alinasa kwanza kisha wa pili akaja kupigana naye au kumkaribia tu, sijui, wakafa wamefungwa pamoja. Kokoto zilizowazunguka zilikuwa zimechimbika, duara kabisa, kwato zilivyokuwa zinazunguka. Hakuna aliyeongea pale kwa muda. Tulikaa masaa matatu kuukata ule wavu na hatukubeba kitu kingine ufukwe ule, na hata leo naona tulichagua vizuri, kwa sababu kwenye baridi ile wavu hauozi, ungekaa hapo unasubiri mwingine na mwingine miaka na miaka.

Kwa hiyo ukiona wavu umezikwa, usianze kuuvuta kwa mgongo. Chini kidogo ardhi imeganda mwaka mzima, kipande kilichoingia humo hata watu kumi hamkitoi. Fukua kwa koleo mpaka pale panapogoma, kata usawa huo, beba cha juu, kilichobaki kizikeni vizuri kwa mawe ili kisiache kitanzi juu. Kukata tumia kisu cha meno, kile cha kukatia mkate kinafanya kazi kuliko kisu kikali cha kawaida, na msumeno wa chuma wa mkono kwa kamba nene. Kuna kamba zina waya wa chuma katikati, ukihisi kisu kimegonga kitu kigumu acha, hiyo inataka mkasi wa kukatia waya, muulize kiongozi. Na kila kitanzi utakachokikuta, kikanda, duara la kamba, chochote cha kuingia kichwa cha mnyama, kikate kabla hujakitia kwenye gunia. Gunia likipotea njiani angalau hakitanyonga tena.

Kinachosagika ni makreti ya zamani, maboya ya povu, madumu yaliyopauka. Kule kuanzia mwezi wa nne mpaka karibu tarehe 23 mwezi wa nane jua halizami, linachoma plastiki usiku na mchana, baridi nayo inaifanya iwe kama biskuti. Utashika kreti ukidhani ni zima, linakuvunjikia mkononi vipande mia. Kwa hiyo linalokaribia kufika hapo ndilo la kubeba leo, mwakani halitakuwepo, litakuwa unga, na unga hakuna anayeuokota. Ndege wanaula. Kuna ndege wa baharini anaitwa fulma, anaokota chakula zaidi juu ya maji, watafiti waliwapasua 40 wa Svalbard wakakuta 35 wana plastiki tumboni. Beba makreti taratibu, ingiza gunia zima chini yake kisha ulikunje humo, usilirushe.

Vilivyobaki, chupa nzima ngumu, boya kubwa la plastiki nene, hivyo vinavumilia kusubiri. Najua inauma kupita karibu na boya kubwa la rangi kali ukaliacha, picha yake ingependeza, lakini boya moja linajaza nusu ya boti ya mpira na ndani ni hewa tupu.

Sasa nakuomba hapa uwe makini sana kuliko sehemu nyingine yoyote. Si kila kitu cha zamani utakachokikuta ni taka. Sheria ya mazingira ya Svalbard inalinda kila alama ya binadamu ya mwaka 1945 kurudi nyuma, pamoja na eneo la mita 100 kuizunguka, na mifupa iliyoko kwenye sehemu za kuchinjia nyangumi na walrasi, wale wanyama wakubwa wa baharini wenye meno mawili marefu, au kwenye mitego ya dubu, inalindwa bila kujali umri wake. Huko waliwinda nyangumi tangu karne ya 17, kuna makaburi yao, kuna vibanda vya wawindaji vilivyoanguka, na ubao mmoja wenye msumari wa kutu unaweza kuwa ukuta wa kibanda cha miaka mia mbili. Nilishuhudia mtu kwenye kundi, kwa nia njema kabisa, amebeba mapipa ya mbao yaliyooza na vyuma vyake anavipeleka kwenye rundo la taka, tukavirudisha haraka lakini pale vilipokuwa hasa hatukuweza kupajua tena. Kanuni ninayokupa ni rahisi: plastiki, beba. Mbao, chuma, glasi, mfupa, viache hapohapo vilipo na umwite anayejua. Hata lile boya la kioo zuri la kijani, usiliguse kwanza. Na pipa la mafuta lililofungwa au mtungi wa gesi usiusogeze kabisa, piga picha, chukueni nukta ya GPS, taarifa inakwenda ofisi ya Sysselmester ambaye ndiye gavana wa huko, na ndiyo ofisi hiyo iliyoanza safari za kusafisha na wakazi tangu mwaka 2000.

Kuhusu dubu mweupe, watu wengi wataongea na wewe habari hii mpaka ikuogopeshe, mi nakwambia yanayohusu kazi yako tu. Mlinzi mwenye bunduki haokoti taka. Akiinama kuokota, mwambie kiongozi, wala usione haya. Mtu anayefukua wavu nyuma ya gogo hasikii na haoni, amevaa kofia, upepo unavuma, kwa hiyo macho yake ni yule mlinzi aliyesimama juu. Msitawanyike mkapotezana nyuma ya vilima. Akionekana dubu hata kwa mbali mnaacha magunia palepale mnarudi kwenye boti, sheria mpya tangu mwanzo wa 2025 inataka mkae mita 300 kutoka kwake, na kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa sita ni 500, na wajibu wa kuondoka ni wenu. Mzoga wowote usiushike, hata wa mbweha mdogo wa kupendeza, kichaa cha mbwa kipo huko kwa mbweha na kwa kulungu pia. Na kuna buabua, hao wanalinda vifaranga, watakushukia kichwani kwa mdomo, inua kijiti juu ya kichwa watashambulia hicho, uondoke upite mbali. Kuna hifadhi za ndege zimefungwa kabisa mpaka tarehe 15 mwezi wa nane, kiongozi wenu anapaswa kuzijua lakini na wewe muulize.

Mavazi. Mwezi wa nane jotoridi ni kama nyuzi 5 au 6, hutakufa kwa baridi ya kusimama, utateswa na jasho. Unafukua dakika arobaini unalowa ndani, halafu mnakaa kusubiri boti kwenye upepo, hapo ndipo meno yanagongana. Kwa hiyo pamba usivae kabisa ndani, hata soksi, hata ile tisheti unayoipenda, vaa sufu moja kwa moja kwenye ngozi, juu yake sweta, juu kabisa koti na suruali ya mvua ya wavuvi, ile ya mpira, maana nyavu zina matope ya mafuta na mwani uliooza zitakuharibia koti la bei ghali kwa siku moja. Mabuti ya mpira yawe namba moja zaidi ya saizi yako ili soksi mbili ziingie bila kubana, mguu uliobanwa unaganda. Glavu ndio kitu cha kutumia hela: chukua jozi tatu, za mpira nene za wavuvi zenye sufu ndani, maana jozi moja inalowa asubuhi, ya pili mchana, na ya tatu ni ya kwenye boti wakati wa kurudi mikono ikiwa haina nguvu tena ya kushika kamba. Chupa ya chai ya moto, iwe na sukari. Sisi watu wa pwani tuna tabia ya kudharau kula tukiwa kazini, kule kula kila baada ya masaa mawili hata kama huna njaa. Na kabla hujashuka melini sugua mabuti yako na brashi kila siku mbegu na udongo zitoke, usije ukapeleka magugu mahali ambapo hayajafika.

Kuna kosa moja nataka likusaidie bila wewe kulipitia. Safari yangu ya pili tulifanya kazi siku nzima, jua zuri, bahari imetulia kama mafuta, tumejaza magunia zaidi ya hamsini tumeyapanga karibu na maji ili boti ikija tupakie haraka. Aliyekuwa anaongoza akasema tujaze kwanza yote ndio tuanze kupakia. Saa kumi upepo ukageuka, ukaanza kushuka kutoka kwenye barafu ya mlimani, baridi, mzito, ndani ya nusu saa mawimbi yalikuwa hayaruhusu boti kugusa kokoto, tukatolewa watu tu, wawili wawili, magunia yakabaki. Tulirudi kesho yake barafu zilizovunjika zimejaa mbele ya ufukwe, hakuna njia. Meli ikaondoka. Waliopita hapo mwaka uliofuata walisema walikuta magunia machache yamepasuka na zile taka zimetawanyika upya, nyingine zikiwa zimevunjika vibaya kuliko tulivyozikuta. Tangu siku hiyo naanza kupakia boti mara tu yakifika magunia kumi, kila saa inakwenda na kurudi, na magunia yanayosubiri yanakaa juu kabisa nyuma ya magogo, yamefungwa kwa kamba moja ndefu iliyopita kwenye masikio yake yote. Kamba hiyo mtaikuta hapohapo, kamba ndio kitu ambacho hamtakosa.

Sasa swali la mwenzako, kwamba ni kazi bure maana zinarudi. Ni kweli zinarudi, sitakudanganya. Ufukwe tuliousafisha kabisa mwaka mmoja, tuliporudi baada ya miaka miwili ulikuwa na mzigo mpya wa kutosha. Na gharama ni kubwa, angalia mfano wa karibu na kwetu, kisiwa cha Aldabra cha Shelisheli, huko ni joto lakini upweke ni uleule. Mwaka 2019 watu 12 wa kujitolea walikaa wiki tano wakatoa tani 25, wakakadiria kwamba zimebaki zaidi ya tani 500, na kuzimaliza kungehitaji kama dola milioni 4.68. Na zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa mzigo ule ulikuwa vitu vya uvuvi, ndala zikafuata kwa mbali ingawa ndala ndizo kila mtu alizipiga picha. Mtu akisoma hizo namba anaweza kukata tamaa, namuelewa.

Ila mwenzako anahesabu mahali pasipofaa. Anauliza ufukwe utakuwa msafi mpaka lini. Mimi nauliza wale kulungu wawili, na ule wavu ambao hauko pale tena, mwingine ukija mwakani ni mwingine, ule mmoja umekwisha. Na pia kuna vile vipande vya kamba vyenye ncha mbili zilizokatwa. Mpaka watu walipokaa chini kuhesabu na kuangalia, wengi waliamini nyavu zinapotea kwa bahati mbaya baharini, dhoruba, mwamba, basi. Vilipohesabiwa ndipo ikaonekana sehemu kubwa ni tabia ya kazini juu ya sitaha, na tabia ya kazini inarekebishika kwa ndoo na ufagio na mtu wa kusimamia. Ulaya walipotunga sheria yao ya 2019 ya plastiki za kutumia mara moja, orodha ya vitu vilivyoguswa ilitokana na hesabu za taka za ufukweni, vijiti vya pamba za masikio, mirija, vijiko, na vifaa vya uvuvi wakavitia humo pia. Waliohesabu vijiti kwenye baridi miaka yote hiyo huenda waliambiwa na wao kwamba ni kazi bure.

Kwa hiyo usikubali safari yenu iishe bila daftari. Muulize kiongozi kabla hamjaondoka kama mnatumia ile njia ya OSPAR, yaani mkataba wa nchi za Ulaya wa kulinda bahari ya Atlantiki ya kaskazini mashariki, mnapima mita 100 za ufukwe kwa utepe, ndani ya hapo mnaokota kila kitu mpaka kijipande cha mwisho na kukiandika kwa aina yake, nje ya hapo ndio mnafanya ile ya kuchagua niliyokueleza. Kama hawana mpango huo jitolee wewe, unahitaji utepe, mizani ya kuning'iniza, penseli maana kalamu ya wino inaganda, na mtu mmoja wa kukusomea huku unaandika. Yule anayesoma ndiye wa kuangalia ncha. Ni kazi ya masaa mawili na mikono itauma kwa baridi kuliko ya kubeba magunia kwa sababu husogei, ifanyeni mapema kabla hamjachoka.

Na siku ya kwanza mkishuka, omba mtembee kwanza ufukwe mzima mikono mitupu, kutoka mwanzo mpaka mwisho, nusu saa, bila kuokota hata chupa. Ngumu sana hiyo, mkono unajipeleka wenyewe. Lakini mkimaliza mtajua wavu mkubwa uko wapi, kibanda cha kale kiko wapi msikikaribie, na boti itaegesha wapi, ndio mnagawana.

Ukirudi niandikie mlichokikuta. Hasa makreti, mengi yana jina la mwenyewe limechapwa ubavuni, yapige picha hayo maandishi karibu, sugua kwanza matope kwa kidole ili herufi zisomeke, na uandike mlikuwa ufukwe gani.